Nani Kaijaza Diski? Skripti Yangu ya Kwanza, na Kwa Nini Nawe Uanzie Hapo

Wiki hii kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia ujumbe mrefu. Kaanza na shikamoo, kamaliza na samahani kwa usumbufu, na katikati kamwaga yake yote. Amejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa simu, kamaliza kozi moja ya bure, kaingia nyingine. Anajua kuchapa jina lake mara kumi na kujumlisha namba mbili, lakini akifungua ukurasa mtupu mikono inaganda. Anaomba nimpe wazo la programu ya kuanzia.

Marahaba mdogo wangu. Jibu langu ni fupi: andika skripti, yaani programu fupi, inayopita ndani ya folda, inajumlisha ukubwa wa faili kwa aina zake, kisha inakwambia aina gani imekula nafasi kiasi gani. Basi. Ila nikikujibu hivyo tu utaniona nimekutupa, kwa hiyo kaa nikusimulie ilivyokuwa kwangu. Naamini wengi mnaosoma hapa mnataka kilekile: mnataka siku moja mkae mbele ya mashine, muandike kitu, kifanye kazi, na kiwe chenu.

Mimi ni mhariri wa video hapa Mwanza. Studio yetu ni ndogo. Tunapiga harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali, na siku hizi hata misiba. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kinachotutesa si kamera wala MC asiyejua kunyamaza. Ni nafasi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inamaliza GB 22 na nusu kila saa. Weka kamera mbili, weka shughuli inayoanza kanisani saa nane mchana na kuishia ukumbini saa sita usiku, halafu piga hesabu mwenyewe. Na kufuta huwezi. Mteja atarudi baada ya mwaka aseme flashi imepotea, mtoto kaitumbukiza kwenye ndoo, naombeni nakala. Ukimwambia umefuta harusi yake, umejifutia na wateja wa ukoo mzima.

Ndiyo maana tuna diski za nje shelfu nzima, zimebandikwa plasta nyeupe na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: JAN–APR, MEI–AGO, USIGUSE, na moja imeandikwa MCHANGANYIKO, ambayo hakuna binadamu anayejua kilichomo.

Hivi karibuni ile kubwa, ya terabaiti 4, mstari wake kwenye Windows ukageuka mwekundu. Bosi akaitisha kikao. Kikao chenyewe ni watu wanne, chupa ya chai na maandazi. Tununue diski nyingine au tufute? Bosi alikuwa na uhakika kwamba tatizo ni picha mnato, zile za CR2, faili ghafi za kamera, ambazo mpiga picha wetu hakubali kuzipunguza hata moja. Mpiga picha akasema picha zake ni vumbi tu, tatizo ni video. Fundi wetu wa kompyuta, kijana anayekuja kwa kuitwa, akasimama mlangoni na begi mgongoni akatoa hukumu: futeni video zote za mwaka juzi.

Kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa na hesabu. Hilo ndilo lililonikera. Tulikuwa tunajadili pesa ya bosi na kumbukumbu za harusi za watu kwa kukisia. Nikasema nipeni hadi kesho asubuhi, nitawaletea namba. Fundi akatabasamu. Lile tabasamu sijalisahau, na nitalirudia.

Sitawachosha na jinsi nilivyosanikisha Python wala usiku niliousoma huku jenereta ya jirani ikinguruma. Nakwenda moja kwa moja kwenye skripti yenyewe. Hii hapa, yote:

```
from pathlib import Path

folda = Path(r"E:\harusi")
jumla = {}

for faili in folda.rglob("*"):
    if faili.is_file():
        aina = faili.suffix.lower() or "bila kiendelezi"
        jumla[aina] = jumla.get(aina, 0) + faili.stat().st_size

for aina in sorted(jumla, key=jumla.get, reverse=True):
    print(aina, round(jumla[aina] / 1000**3, 1), "GB")
```

Umeona? Inaingia kwenye kiganja. Na angalia majina: folda, jumla, faili, aina. Python haijali umeita kitu kwa lugha gani. Nilipogundua kwamba naweza kuita vitu vyangu kwa Kiswahili, nusu ya woga iliniisha. Maneno yake yenyewe, for na if na print, ni kama ishirini tu hapo, unayakariri kama namba ya simu ya mama.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mstari wa folda unaiambia pa kuanzia. Jumla ni daftari tupu, kila ukurasa utabeba jina la aina moja na hesabu yake. Ile rglob inazama kwenye folda, na folda ndogo ndani yake, na ndogo zaidi ndani ya hizo, mpaka mwisho, ikitoa kitu kimojakimoja. Kila inachotoa tunauliza: wewe ni faili au ni folda? Folda tunaiacha, faili tunaichukua. Tunasoma kiendelezi chake, yaani herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho kwenye jina, na tunaongeza ukubwa wake, kwa baiti, kwenye ukurasa wa aina hiyo. Mwishoni tunapanga kutoka kubwa kwenda ndogo na kuchapa.

Zingatia kwamba haifungui faili hata moja. Inauliza ukubwa tu, na mfumo wa kompyuta unaujua tayari. Ndiyo maana diski yenye video za terabaiti tatu na zaidi inahesabika kwa muda mfupi sana ukilinganisha na muda wa kuzinakili.

Sasa kuna herufi moja hapo ambayo watu wengi wataifuta wakidhani ni uchafu. Ni ile r kabla ya alama za kunukuu, kwenye mstari wa folda. Usiifute! Windows hutenganisha folda kwa mkwaju unaoangukia nyuma, na Python nayo inautumia mkwaju huohuo kwa siri zake: ikiona mkwaju ukifuatwa na n inaelewa "mstari mpya," ukifuatwa na t inaelewa "nafasi ya tabu," ukifuatwa na u inasubiri namba ya herufi ya Unicode. Sasa fikiria majina ya folda za studio ya Kiswahili. Ukiandika "E:\nikah" bila r, Python inasoma E na nukta pacha, inaruka mstari, halafu "ikah." Folda hiyo haipo duniani, na skripti itamaliza kimya bila kuchapa chochote, wala haitakulaumu. "E:\tamasha" inageuka tabu na "amasha." Na "E:\ukumbi" ndiyo kali kuliko zote: inakataa hata kuanza, inakutupia SyntaxError na maneno ya unicode ambayo mtu wa kwanza kuyaona atadhani ameharibu mashine. Kozi nyingi hazikwambii hili mapema kwa sababu mifano yao ina folda ziitwazo Documents, na mkwaju ukifuatwa na D haumuumizi mtu. Weka r, au tumia mkwaju wa mbele, "E:/ukumbi," Windows inaukubali.

Kitu cha pili ni lile neno lower. Kamera inaandika C0001.MP4 kwa herufi kubwa, simu inaandika .mp4 kwa ndogo. Kwa Windows ni kitu kimoja. Kwa Python ni vitu viwili, na bila lower ungepata mistari miwili ya video ukadhani umegundua jambo.

Basi. Nikaichomeka diski, nikabonyeza, nikasubiri. Haya ndiyo yaliyotoka juu ya orodha:

```
.mp4 2304.6 GB
.mpeg 611.3 GB
.mts 380.9 GB
.cr2 297.5 GB
.mov 160.2 GB
.wav 41.7 GB
.cfa 38.8 GB
```

Mstari wa kwanza haukumshangaza mtu. Wa nne ulimnyamazisha bosi kuhusu picha mnato, na mpiga picha wetu tangu siku hiyo ananiamkia kwa heshima zote. Lakini hebu rudi mstari wa pili. MPEG. Pale studio hatuna kamera inayorekodi MPEG. Mpya inatoa MP4, ya zamani inatoa MTS, simu za wageni zinaleta MOV na MP4. Sasa hizi gigabaiti mia sita na zaidi karekodi nani?

Nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti, kwamba ikikutana na .mpeg ichape na njia nzima ya faili. Zikaanza kumiminika: zote zimekaa ndani ya folda ambazo majina yake yanaishia na .PRV. Hapo nikaelewa. Tunahariri kwa Premiere Pro, na ukiwa katikati ya kazi nzito yenye rangi na maandishi, unaiambia ikupikie kipande ili kichezeke bila kukwama. Kile kipande kilichopikwa kinahifadhiwa kama faili ya onyesho la awali, ndani ya folda ya PRV. Ndiyo kazi yake, wala hakuna kosa. Lakini harusi ikishatolewa, mteja akapewa flashi yake na akalipa, lile onyesho la awali halina tena mwenyewe. Ukilihitaji siku nyingine programu italipika upya kutoka kwenye video halisi. Na zile .cfa za mstari wa saba ni ndugu zao: ni sauti ambayo programu iliiandaa upya kwa matumizi yake, na yenyewe inatengenezeka tena.

Kwa hiyo tulikuwa na zaidi ya GB 600 za vitu ambavyo hakuna mteja angekuja kuviomba hata akirudi na mjukuu. Wakati huohuo palikuwa na pendekezo mezani la kufuta harusi za watu za mwaka juzi.

Asubuhi nikamwekea bosi karatasi mezani. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia nimeiandika. "Umeiandika wewe?" Mimi. Hatukununua diski. Tulizifuta faili za maonyesho kupitia menyu ya Premiere yenyewe, mradi kwa mradi, tukianza na zile zilizokwisha kulipwa, na ule mstari mwekundu ukarudi bluu.

Najua najisifu. Acheni nijisifu kidogo, maana sehemu inayofuata si tamu.

Fundi alipokuja kuchukua pesa yake ya printa, bosi akamwonyesha ile karatasi kwa furaha. Kijana akaniomba aone programu. Nikamwonyesha. Akacheka, mbele ya bosi na mbele ya wateja wawili waliokuja kuchagua picha za albamu. "Dada'angu, hii ni mistari kumi. Hii si programu. Kuna WinDirStat, ya bure, inafanya hivi na rangi inakuwekea."

Anasema kweli, na hilo ndilo linalouma. WinDirStat ipo, ni ya bure, inaonyesha aina za faili na ukubwa wake kwa rangi, na kama haja yako ni kusafisha diski jioni hii tu, kaishushe ufanye kazi yako. Na hata WinDirStat si ya kwanza. Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, ilikuwa na amri ya du, ya kujua folda imekula nafasi kiasi gani, tangu toleo lake la kwanza mwaka 1971. Swali la nani kaijaza diski limeulizwa kabla bosi wangu hajazaliwa, na bosi wangu si kijana.

Lakini yeye aliyekuwa anaijua WinDirStat miaka yote alisimama mlangoni na begi mgongoni akasema futeni za mwaka juzi. Kujua kwamba chombo kipo hakukumsaidia, kwa sababu hakuwa na swali. Mimi nilikuwa na swali. Na kwa sababu niliandika mwenyewe, nilipoona .mpeg nilijua mstari upi wa kubadilisha ili inionyeshe zilipo. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Sasa nirudi kwako wewe unayetaka kuanza. Ninakusihi, acha kukusanya kozi. Kila siku naona watu wanaweka picha za vyeti: nimemaliza hiki, nimemaliza kile. Hongera. Umeandika nini? Cheti hakijawahi kusafisha diski ya mtu. Chukua swali moja dogo ambalo linakuhusu, linalokugusa mfukoni au kazini, na uliandikie skripti. Hili la ukubwa wa faili nalipendekeza kuliko mengine kwa sababu mbili ambazo sijaziona kwenye kozi yoyote niliyopitia.

Ya kwanza, halivunji kitu. Skripti inasoma tu. Hata ukikosea vipi, harusi ya mtu haiguswi. Kishawishi kitakuja cha kuongeza mstari unaofuta. Na ni kifupi kweli, ni unlink na mabano mawili. Usiuongeze. Ukifuta kwa njia hiyo faili haiendi kwenye pipa la takataka, imekwenda moja kwa moja. Mwanzoni acha skripti ikuonyeshe, mkono wako ndio ufute.

Ya pili, jibu lake unaweza kulihakiki mwenyewe. Tengeneza folda yenye faili tatu tu za aina moja. Bofya kulia kila moja, chagua Properties, soma ukubwa wake, andika kwenye karatasi, jumlisha kwa kalamu. Endesha skripti, ila kwa faili ndogo namna hiyo ondoa kugawanya kwenye mstari wa mwisho ili ikupe baiti, la sivyo utaona 0.0 na kukata tamaa bure. Namba zikilingana hadi baiti ya mwisho, umepata. Hakuna mwalimu anayehitajika kukusahihishia, na kwa sisi tunaojifunza peke yetu usiku hilo ni kubwa.

Kuna watakaosema, si niiombe ChatGPT iniandikie? Iombe. Itakuandikia mistari arobaini yenye mbwembwe, na itafanya kazi. Halafu folda yako itaitwa ukumbi, kosa litatokea, na utarudi kuiomba tena. Mimi naitumia, tena sana, lakini baada ya kuandika yangu kwanza. Andika kwanza. Nimesema na nitarudia: andika kwanza, kidogo, cha kwako.

Namba zenyewe nazo zitakuchanganya mahali, kwa hiyo nikutangulie. Bosi alikuwa na kinyongo cha muda mrefu na muuzaji wa diski kwa sababu terabaiti 4 alizolipia zinaonekana 3.63 kwenye Windows. Hakuibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: terabaiti moja ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1024 mara nne lakini inaendelea kuandika TB, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inasomeka GB 931. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitunga majina tofauti, kibi, mebi na gibi, ili kumaliza mkanganyiko, na Windows ikaendelea na mazoea yake. Kompyuta za Mac zinahesabu kwa elfu tangu 2009. Kwenye skripti yangu nimegawanya kwa 1000**3, yaani elfu mara elfu mara elfu, ili ilingane na kilichoandikwa kwenye boksi la diski. Ukitaka ilingane na Windows andika 1024**3. Chagua moja, usichanganye.

Windows pia itakuonyesha namba mbili ukibofya kulia: ukubwa wa faili, na ukubwa wake kwenye diski. Skripti inajumlisha ile ya kwanza. Diski kubwa za nje zilizofomatiwa kwa exFAT, mfumo mmoja wa kupanga faili kwenye diski, kwa kawaida hugawa nafasi kwa vipande vya KB 128, na faili hata iwe ya KB 2 inachukua kipande kizima. Kamera za Sony huweka kifaili cha XML pembeni ya kila klipu. Ukiwa na elfu moja za hivyo, skripti itakwambia MB 2, kumbe zimekalia zaidi ya MB 120. Kwa mtu wa video ni senti. Kwa mwenye faili ndogo nyingi ni jambo la kuangalia.

Utakutana na vituko vingine, na ndiyo raha yake. Kwetu ilitokea aina inayoitwa .2023, nikacheka peke yangu: mtu alibadilisha jina la video kuwa "Kanisa 12.05.2023" akaifuta mp4 yake, Python ikachukua kilichokuja baada ya nukta ya mwisho. Ukiiendesha kwenye diski C, ujue kuna folda za mfumo ambazo huruhusiwi kuzichungulia, na rglob mara nyingi huziruka bila kusema, hivyo jumla itapungua kidogo na si kosa lako. Na kama kuna mtu wa Mac amewahi kuichomeka diski yako ya exFAT, utaona vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, ._C0001.MP4, vimejihesabu kama video. Ni vidogo, haviharibu jumla.

Najua wengi mnaonisoma hamna kompyuta. Simu inatosha. Sanikisha Termux, programu ya Android ya kuandikia amri, andika termux-setup-storage uipe ruhusa, kisha pkg install python. Badilisha mstari wa folda uwe Path("/sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media"), ndipo WhatsApp inapoweka vitu vyake tangu Android 11, na gawanya kwa 1000**2 upate MB. Hapo utawajua watu wako: .opus ni sauti za kurekodi, ambazo shangazi hutuma za dakika saba; .webp ni stika; .mp4 ni video za kila kundi la familia. Angalia pia folda ndogo zinazoitwa Sent, zinaweka nakala ya ulichotuma, ndiyo maana picha uliyoipiga wewe na kuituma wewe inaweza kuwa imekaa kwenye simu mara mbili.

Hizo nakala ndizo zinazonikosesha usingizi sasa, maana skripti ya kwanza haizioni. Kwake MP4 ni MP4. Python ina kitu kinaitwa hashlib, kinasoma faili nzima na kutoa mfuatano wa herufi. Faili mbili zikitoa mfuatano uleule, ni kitu kilekile hata majina yakitofautiana. Shida ni kusoma. Diski ya kuzunguka inayokwenda MB 100 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa 11 kusoma terabaiti 4, na hapa kwetu umeme hauna mkataba na mtu. Kwa hiyo naanza na zile namba za ukubwa ambazo tayari ninazo: faili mbili zenye baiti tofauti haziwezi kuwa nakala, hizo naziruka, nasoma zile tu zilizolingana hadi baiti ya mwisho. Folda ya kwanza ya majaribio nimeshaichagua. Ina FINAL, FINAL2, FINAL YA UKWELI na FINAL MPYA KABISA, zote za bibi harusi mmoja.